Mwonjaji Chai na Kikombe cha Mama Yake

Damu ya Bi Ulimi na ya wifi yake haikupatana tangu siku ya kwanza, na hakuna hata mmoja wao aliyejisumbua kuipatanisha. Wifi alikuwa mke wa mdogo wake wa kiume, mwanamke mnene, mcheshi, anayefua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Bi Ulimi alimwona mvivu. Ungemuuliza uvivu huo aliuona wapi, maana mtu anayeinamia karai la nguo kutwa nzima si mvivu, angekujibu kwamba kuchekacheka ovyo nako ni uvivu. Wifi naye alisema, tena mbele za watu, kwamba Bi Ulimi alizaliwa amekunja uso na mkunga akashindwa kuukunjua.

Jina la Bi Ulimi alipewa ghalani, nyuma ya kiwanda cha kufunga majani ya chai, ambako kazi yake ilikuwa kuonja. Chumba cha kuonjea kina meza ndefu nyeupe iliyoelekea dirishani. Kila asubuhi juu yake hupangwa vibuli vidogo vyenye vifuniko, na mbele ya kila kibuli bakuli lake. Majani hupimwa kwa mizani, maji huchemshwa hasa, na chai huachwa ndani ya kibuli muda mrefu kuliko mtu mwenye akili zake angeiacha nyumbani kwake, mpaka inakuwa nzito, nyekundu, chungu. Hapo ndipo Bi Ulimi anapita na kijiko. Anaivuta kwa kishindo, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye pipa la magurudumu analolisukuma kwa goti, kisha anatamka neno moja. Imeungua. Imedoda. Hii nzuri. Neno likishamtoka halirudi. Mchanganyaji mmoja wa majani ya chai aliwahi kumwomba aonje tena bakuli fulani kwa kuwa wenzake wote waliona vingine. Bi Ulimi alimwambia aende akawape pole hao wenzake kwa ndimi walizopewa.

Aliwahi kuolewa, ndoa ikamshinda, au yeye akaishinda ndoa, inategemea unamuuliza nani. Hakujaliwa mtoto. Aliyebaki wake hapa duniani alikuwa mama yake, na hapo lazima tumtendee haki: alimpenda mama yule mpaka akawa hajui la kufanya na upendo wenyewe. Alikwenda kumwona kwa mdogo wake kila baada ya kazi, akimpelekea matunda na kumkemea wifi kwa pumzi ile ile.

Kisha mama akaanza kusahau. Kwanza vitu vidogo, vya kuchekesha, kama kutia chumvi sufuria moja mara tatu. Baadaye akawa anakaa mlangoni akimsubiri mumewe arudi kazini, na mumewe walishamzika zamani. Siku moja alimtazama mwanawe wa kiume, fundi bomba mpole asiyeweza kubishana hata na bomba linalovuja, akamuuliza amekuja kutengeneza nini. Kule hospitali waliambiwa ni ugonjwa wa ubongo, kwamba seli zake zinakufa kidogo kidogo, kwamba dawa ya kuuponya haipo na kwamba wajiandae, maana hata walio karibu naye watasahaulika. Fundi bomba alilia pale pale kwenye benchi. Bi Ulimi hakulia. Alitoka na jambo moja tu kichwani: wengine wakisahaulika shauri yao, lakini mimi hatanisahau.

Sasa, ingekuwa heri mtafiti yule asingekuja ghalani. Alialikwa na mabosi aje kuwaeleza wafanyakazi faida za chai kwa afya, ili wakiulizwa na wateja wasikodoe macho. Akaeleza kwamba ule ukavu unaokamata ulimi na fizi ukinywa chai nzito unatokana na vitu viitwavyo polifenoli, ambavyo mimea hujitengenezea ili kujikinga na wadudu na ukali wa jua. Vimo kwenye chai, kwenye kakao, kwenye maganda ya vitunguu na kwenye zabibu nyeusi. Akasema kwamba ndani ya maabara, seli za ubongo zilizowekewa polifenoli zilistahimili sumu kuliko zisizowekewa, na panya waliopewa walichelewa kusahau njia zao. Kwa binadamu mambo bado, akasema. Labda zinasaidia. Wanywaji wa chai wanaonekana kuwa na nafuu fulani, lakini labda si chai, labda ni namna wanavyoishi. Alisema labda nyingi mpaka mpakiaji mmoja aliyekaa nyuma akaanza kumwigiza chinichini.

Bi Ulimi hakusikia labda hata moja. Alisikia ukavu, na ukavu aliujua kuliko mtu yeyote chumbani humo. Maisha yake yote alikuwa akiutia mdomoni na kuutema, kumbe alikuwa akitema dawa ya mama yake. Mtu mmoja aliuliza kuhusu maziwa. Mtafiti akajibu kwamba wapo wanaosema maziwa huzikamata polifenoli zisifanye kazi, na wapo waliopima wakaona hakuna tofauti. Nusu ya kwanza ya jibu hilo Bi Ulimi aliondoka nayo. Ya pili aliiacha kwenye kiti.

Jioni hiyo alimkuta mama amekaa karibu na meza ya pasi, ameshika kwa mikono miwili kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, ana kipande cha mkate anachochovya. Wifi alikuwa akikunja mashuka na kumsimulia kisa cha mteja aliyedai suruali yake imerudi ikiwa fupi. Mama alikuwa akicheka, ingawa haikujulikana kama anacheka kisa au anacheka kwa sababu wifi anacheka.

"Unamwua mama yangu kwa maziwa," Bi Ulimi alisema.

Wifi alidhani ni utani, akazidi kucheka, na hilo ndilo lililoharibu. Bi Ulimi alimpasha yote: maziwa, sukari, uvivu, ujinga, na mengine ambayo hayakuhusu ubongo wa mtu yeyote. Wifi alitua shuka, akajibu kwamba mama amekunywa chai ya namna ile tangu hajamzaa yeye Bi Ulimi.

"Ndiyo maana yuko hivi," Bi Ulimi alisema, akaanza kukusanya nguo za mama.

Fundi bomba aliporudi alikuta mama amekwishaondoka na mkewe amekaa juu ya kapu la nguo chafu, ametoa macho. Alishika simu ampigie dada yake, akaiweka chini. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake katika kila jambo, na wanawake wote wawili walimdharau kwa hilo, kila mmoja kwa wakati wake.

Nyumbani kwa Bi Ulimi palikuwa safi, kimya, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Mama alipewa kitanda cha dirishani na chai. Si chai ya watu wa kawaida. Bi Ulimi aliipima kwa mizani yake, akaiacha ikolee kama ya ghalani, akaileta ya rangi, bila sukari, bila tone la maziwa, asubuhi pamoja na mkate, mchana pamoja na maharage, jioni pamoja na mboga za majani. Alisimama mbele ya mama mpaka kikombe kiishe. Mara ya kwanza mama alikunywa funda moja, uso wote ukakusanyika katikati.

"Hii ni dawa?"

"Ni chai, mama."

"Ya nani?"

"Yako. Kunywa."

Mama alitazama kikombe, kisha akamtazama yeye. "Nimekosa nini?" akauliza.

Swali hilo lilimchoma Bi Ulimi, naye akafanya kama afanyavyo mtu mkali akichomwa: alimsogezea kikombe karibu zaidi. Akamwambia hajakosa kitu, kwamba ni kwa faida yake, kwamba siku moja atamshukuru. Jambo la mtu anayepoteza kumbukumbu kuja kushukuru siku moja halikumshangaza.

Mshona nguo wa nyumba ya pili ndiye aliyekubali kukaa na mama mchana Bi Ulimi akiwa kazini. Chai iliachwa tayari kwenye chupa, na amri ziliachwa pia. Punde mama akajifunza kutema. Alikuwa akiivuta, anaizungusha mdomoni, halafu anaitema kwenye sahani, juu ya maharage. Bi Ulimi alihamaki, akaanza kumpapasa koo kila baada ya funda, kama wanavyofanya watu wanapomnywesha mbuzi dawa. Wifi alipopata habari hiyo kwa mshona nguo, alituma salamu kwamba basi mama sasa anafanya kazi ya binti yake, tena bila mshahara. Bi Ulimi hakuzijibu salamu hizo, ila alizitunza.

Asubuhi moja mama aliamka mchangamfu, akaketi kitandani, akamwita binti yake kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki analijua. Akamuuliza kwa nini nywele zake zimekuwa na mvi namna hiyo. Bi Ulimi alikaa chini palepale sakafuni. Alilia, na akiwa bado analia akachukua simu, si kumpigia mdogo wake, bali kumpigia wifi.

"Amenijua," alisema. "Chai imemjulisha."

Wifi aliweka pasi chini. Kisha akasema kwamba hata kwake mama alikuwa na siku kama hizo, anakujua leo, kesho hakujui, ndivyo ulivyo ugonjwa wenyewe. Alilisema bila kejeli, pengine kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Bi Ulimi akasikia kijicho tu, akakata simu. Kwake neno lilikuwa limeshatoka: chai inafanya kazi. Kuanzia siku hiyo akaiongeza ukali.

Wifi hakukubali. Alianza kuja kwa siri mchana, amebeba chupa yake mwenyewe ya chai ya maziwa ndani ya kapu la nguo zilizopigwa pasi, ili akionekana njiani ionekane anapeleka nguo kwa mteja. Mshona nguo, ambaye alikuwa amechoka kumwona bibi wa watu akitetemeka mbele ya kikombe, alijitia hamnazo. Ile chai nyekundu ilimwagwa chooni. Mambo yakaenda hivyo mpaka siku umeme ulipokatika ghalani na watu wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema.

Bi Ulimi alifungua mlango, akamwona mama yake ana utando wa maziwa juu ya mdomo, anacheka na wifi. Ni kicheko ndicho kilichompandisha mori. Kwake mama hakuwahi kucheka hata mara moja.

Sitayaandika yote waliyoambiana. Bi Ulimi alimwita wifi mchawi, mwizi wa mama za watu. Wifi naye, ambaye siku zote alimjibu kwa mzaha, safari hii hakufanya mzaha.

"Wewe humtibu mama," alisema. "Unamwonja. Unataka utoe hukumu tu, iwe wewe ndiye uliyejua."

Chupa ya wifi iliruka nje kupitia dirishani na kuvunjika barabarani. Kapu likafuata, na mashati meupe ya mteja yakalala kwenye vumbi. Mama aliziba masikio kwa viganja, akajikunyata pembeni mwa kitanda, akisema anataka kwenda kwao. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanampigania.

Baada ya hapo mlango ukawekewa kufuli jipya na mshona nguo akala kiapo kwamba hatamfungulia wifi tena. Fundi bomba alikuja mara moja kusihi, kofia mkononi, akaambiwa kwamba kama angekuwa mwanamume mama asingeharibikia mikononi mwake. Akavaa kofia yake akarudi. Wifi akabaki akipita mtaa wa pili, akiuliza hali kwa watu, bila kukanyaga kizingiti.

Na hali haikuwa nzuri. Mama akaanza kupauka. Mikono yake ikawa baridi hata jua likiwa kali, akawa anahema akitoka tu kitandani kwenda chooni, akawa analala kutwa. Akiamka alikuwa amechanganyikiwa kuliko zamani, maneno yamemkimbia. Alikuwa anakula kidogo sana, kijiko cha maharage, majani mawili matatu ya mboga, na kikombe chote. Bi Ulimi aliyaona yote hayo. Huwezi kusema hakuona, macho yake yalikuwa mazuri. Alisema ugonjwa unapigana na dawa, na akaongeza kikombe kimoja kabla ya kulala.

Siku mama alipoanguka alikuwa amesimama tu, ameshika ukuta, na miguu ikamwishia nguvu. Mshona nguo alipiga kelele, majirani wakamfuata wifi kabla ya kumfuata Bi Ulimi, kwa hiyo Bi Ulimi alipofika hospitali akitokwa jasho, bado amevaa aproni ya kazini, alimkuta wifi tayari yuko kando ya kitanda, ameshika mkono wa mama. Walitazamana. Hawakusalimiana.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake haina haraka. Alivuta chini kope ya mama akawaonyesha: ndani palikuwa peupe. Damu ilikuwa imepungua vibaya mno, akasema, na upungufu wa namna hiyo humchanganya hata mtu mwenye ubongo mzima, sembuse mgonjwa. Akauliza mama anakula nini. Bi Ulimi akaeleza, akaeleza na chai, tena kwa fahari kidogo, vipimo na muda wa kuikoleza na kwa nini.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hizo hizo polifenoli zikikutana tumboni na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, huyashika yasiingie mwilini. Kwa kijana anayekula vizuri si neno kubwa. Kwa mzee anayekula kijiko kimoja na kukishushia kwa chai nzito kila mlo, ni kumnyang'anya hata hicho kijiko. Huenda kuna sababu nyingine, wangepima. Lakini hiyo wangeanza nayo leo.

"Lakini chai inalinda ubongo," Bi Ulimi alisema. "Mtafiti alituambia."

"Alikuambia inalinda?"

Bi Ulimi alifungua mdomo. Wifi alikuwa akimtazama, mdogo wake aliyefika punde alikuwa akimtazama, muuguzi naye alikuwa amesimama na chupa ya damu. Angeweza kusema ndiyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo siku ile.

"Alisema labda," akajibu.

Hapo wifi alipata nafasi yake, na usidhani aliiacha ipite. Alisema, polepole, ili kila kitanda kisikie, kwamba kwa ajili ya labda mama amefungiwa kufuli. Kwamba akitoka hapa mama anarudi kwake, na mtu asithubutu kumgusa. Bi Ulimi akasema yeye ndiye aliyezaliwa na mama huyu, si mtu aliyeingia kwa ndoa, na atarudi naye nyumbani kwake, chai hatampa tena, hilo limekwisha. Sauti zikapanda. Fundi bomba akasimama katikati yao, akatazama huku na huku, kisha akatoka nje.

Aliyewanyamazisha ni muuguzi. Alisema mgonjwa huyu atahitaji dawa ya maji ya kuongeza damu kila siku, kwa muda mrefu, na anayefaa kukaa naye ni yule ambaye mgonjwa atakubali kuipokea mkononi mwake. Mengine wakabishanie getini.

Mama alipewa damu usiku ule, na kesho yake rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni. Bi Ulimi aliomba amnyweshe dawa yeye, mbele ya wote, amalize ubishi. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameoga, amevaa gauni ambalo mama alilipenda zamani, na alijilazimisha kukunjua uso. Alimimina dawa kwenye kijiko, akakipeleka taratibu.

Mama alifunga mdomo. Aliufunga kwa nguvu mpaka midomo ikapotea, akageuza kichwa kwenye mto. Alikuwa amesahau mumewe amekufa, amesahau mwanawe ni nani, amesahau hata mwaka, lakini mkono huo ulio na kijiko alikuwa hajausahau.

"Si chungu, mama. Hii si chai."

Mama alimgeukia pole pole. Hakuwa na hasira. Alimkabili kwa adabu, kama unavyomkabili mtu mzima mwenzako usiyemfahamu aliyekukosea.

"Mama wewe," alisema, "niache. Nakuomba tu vizuri. Mimi nina binti. Yuko kazini. Ni mkali, akikukuta unanifanyia hivi hatakuelewa."

Kijiko kiliinama, dawa ikamwagikia shuka.

"Unamfahamu binti yangu?" mama akauliza.

"Namfahamu."

"Basi nenda kamwite. Mwambie aje anichukue."

Bi Ulimi alifunga chupa ya dawa. Kisha alisimama, akamkabidhi wifi kijiko na chupa bila kumtazama usoni, akampisha kwenye kitanda. Alikuwa amefika mlangoni alipomsikia mama akimuuliza wifi kama yule mama ameondoka, na wifi akijibu kwamba ameondoka, anywe sasa, binti yake yuko njiani anakuja.